Jinsi ya kusoma msimamo wa ligi ya futiboli ya Australia bila kudanganyika

Mwaka 2025 klabu ya Adelaide ilimaliza msimu wa kawaida wa AFL, ligi kuu ya futiboli ya Australia, ikiwa kileleni kwa ushindi wa mechi 18 kati ya 23. Katika hatua ya fainali iliyofuata, yaani mechi za timu za juu zinazoamua bingwa, iliambulia vipigo viwili mfululizo kwenye uwanja wake yenyewe, cha kwanza kutoka kwa Collingwood na cha pili kutoka kwa Hawthorn, ikaaga mashindano huku timu nne nyingine zikiendelea kuwania kombe. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Adelaide hiyo hiyo ilikuwa ya 15 katika ligi yenye klabu 18. Kombe lilichukuliwa na Brisbane Lions, waliomaliza msimu wa kawaida wakiwa wa tatu, na ambao mwaka 2024 walilitwaa wakitokea nafasi ya tano.

Msomaji aliyezoea Ligi Kuu ya Uingereza au Ligi Kuu ya Tanzania Bara, ambako anayeongoza msimamo siku ya mwisho ndiye bingwa na mjadala unaishia hapo, anaweza kudhani kwamba msimamo wa AFL ni pambo. Sivyo. Msimamo ule una maana kubwa, ila si maana ile ambayo jicho lililozoea soka hukimbilia kuipa, na mashabiki wengi, wakiwamo Waaustralia wenyewe, hubishana msimu mzima juu ya namba zisizolinganishika. Kwa maoni yangu kasoro kubwa ya ligi hii iko kwenye ratiba, wala si kwenye hatua ya fainali inayolaumiwa kila Septemba. Na hatua hiyo ya fainali, kwa namna ilivyopangwa kuanzia mwaka 2000, imekuwa ikirekebisha sehemu ya dhuluma ambayo ratiba huifanya tangu Machi hadi Agosti.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa ufupi. Timu mbili za wachezaji 18 kila moja huchuana kwenye uwanja wa duara-yai kwa robo nne, wakiupiga mpira wa umbo la yai kwa mguu au kwa ngumi. Kila upande wa uwanja una nguzo nne. Mpira ukipigwa kwa mguu ukapita katikati ya nguzo mbili ndefu huwa goli, lenye thamani ya alama 6. Ukipita kati ya nguzo ndefu na fupi, ni alama 1 tu. Ndiyo maana matokeo huandikwa kwa namna inayomchanganya mgeni: katika fainali kuu ya 2025 Brisbane walipata 18.14, yaani magoli 18 na alama moja moja 14, jumla 122, wakawafunga Geelong waliopata 11.9, jumla 75. Ushindi huleta pointi 4 kwenye msimamo na sare pointi 2. Hakuna kushuka daraja, jambo ambalo lina matokeo yake tutakayoyagusa baadaye.

Sasa ratiba. Klabu 18 maana yake kila klabu ina wapinzani 17, na ili kila mmoja akutane na kila mwenzake nyumbani na ugenini zinahitajika mechi 34. Hilo haliwezekani katika mchezo ambao mchezaji wa kiungo hukimbia kilomita 12 na zaidi kwa mechi moja huku akigongwa kutoka kila upande. AFL hucheza mechi 23 kwa kila klabu. Kwa hiyo kila klabu hukutana na wapinzani 11 mara moja na wapinzani sita mara mbili, na ni hao sita wanaozua ugomvi wote, kwa sababu klabu mbili zilizolingana pointi zinaweza kuwa zimezivuna kutoka kwa watu tofauti kabisa. Hata wale 11 wa mara moja si sawa kwa wote: klabu moja huwapokea nyumbani wakubwa wa mwaka huo, nyingine huwafuata kwao.

Hali haikuwa hivi tangu zamani. Ligi ilianza mwaka 1897 ikiitwa VFL, ikiwa na klabu nane za jimbo la Victoria, na kufikia 1925 zilikuwa 12. Kuanzia 1970 hadi 1986 klabu hizo 12 zilicheza mechi 22 kila mwaka, na hesabu ilikuwa safi kama ya ligi yoyote ya soka: wapinzani 11, mara mbili kwa kila mmoja. Kisha mwaka 1987 ligi ikavuka mipaka ya kaskazini na magharibi kwa kuzipokea West Coast ya Perth na Brisbane Bears, klabu zikawa 14, lakini mechi zikabaki 22. Mwaka 1990 jina likabadilishwa kuwa AFL, Adelaide ikaingia 1991, Fremantle 1995, Port Adelaide 1997, Gold Coast 2011 na Greater Western Sydney 2012. Katikati ya safari hiyo Fitzroy, mmoja wa waasisi, iliunganishwa na Brisbane Bears baada ya msimu wa 1996, na hapo ndipo wakazaliwa Brisbane Lions. Kila ongezeko lilizidisha pengo kati ya mechi zinazohitajika na mechi zinazochezwa, na bado, ukiondoa misimu michache, ile 22 iliendelea kutumika hadi 2022. Namba hiyo ni masalia ya ligi ya klabu 12. Haikuchaguliwa na mtu yeyote aliyekaa chini kufikiria ligi ya klabu 18.

Mechi ya 23 iliongezwa mwaka 2023 kwa njia ya raundi maalumu ambayo mechi zote tisa huchezwa Adelaide na vitongoji vyake, mashabiki wakimiminika kutoka majimbo yote. Kibiashara imefana sana. Kimahesabu, klabu mbili za mji ule, Adelaide na Port Adelaide, hupata mechi moja zaidi mbele ya watu wao huku wengine 16 wakiwa wageni, na sijasikia maelezo ya kuridhisha kwa nini iwe hivyo kila mwaka.

Wapangaji wa ratiba si wazembe. Wanatumikia mabwana wawili. Kwa upande mmoja wana kanuni ya kusawazisha: msimamo wa mwaka uliopita hugawanywa katika makundi matatu ya klabu sita sita, na wale sita wa kukutana nao mara mbili huchaguliwa kwa namna ambayo wa kundi la juu hupewa wakubwa wengi zaidi na wa kundi la chini hupewa wanyonge wengi zaidi. Kwa upande mwingine kuna mechi za watani wa jadi ambazo hakuna anayethubutu kuzipunguza. West Coast na Fremantle lazima wakutane mara mbili, Adelaide na Port Adelaide vivyo hivyo, klabu mbili za Sydney, na mbili za jimbo la Queensland, Brisbane na Gold Coast. Klabu kubwa za Melbourne nazo zina sikukuu zao: tangu 1995 Essendon na Collingwood hukutana kila tarehe 25 Aprili, siku ya kuwakumbuka askari, katika uwanja wa MCG unaobeba watu wapatao 100,000. Uwanja hujaa, televisheni hulipa, na haki ya ratiba husubiri zamu yake.

Kanuni ya makundi matatu ina kasoro inayoonekana wazi pale klabu inapobadilika ghafla. Adelaide iliingia msimu wa 2025 ikihesabika katika kundi la chini kwa sababu ya nafasi yake ya 15, wakati kikosi chake kilikuwa kimekwisha kukomaa. Sisemi kwamba ratiba peke yake iliipandisha hadi kileleni, kwa maana timu dhaifu haishindi mechi 18 hata ikipangiwa wanyonge watupu. Nasema kwamba ushindi 18 wa Adelaide na ushindi wa wale waliokuwa chini yake mwaka ule haukupimwa kwa mizani moja, na Septemba ilipofika, walipolazimika kukutana na wazito wiki baada ya wiki, mtu aliyekuwa ameisoma ratiba hakushangaa kama alivyoshangaa aliyesoma msimamo peke yake.

Umbali nao una uzito wake. Klabu 10 kati ya 18 ziko Victoria, tisa kati ya hizo zikiwa Melbourne, na hizo tisa hutumia zaidi viwanja viwili kwa pamoja. Collingwood ikicheza "ugenini" dhidi ya Richmond, kinachobadilika ni chumba cha kuvalia. Uwanja ni MCG ule ule na wachezaji wamelala kwao. West Coast na Fremantle hawana anasa hiyo. Mechi yoyote ya ugenini wasiyocheza wao kwa wao ni safari ya ndege ya saa kadhaa kuvuka bara, kisha kurudi na kujiandaa kwa mechi nyingine baada ya siku sita au saba. Mtetezi wa mfumo atasema kwamba nao hupata faida wageni wanapofika Perth wakiwa wamechoka, na ni kweli, lakini mgeni huyo huchoka mara moja au mbili kwa mwaka, na wao huchoka msimu mzima.

Tukija kwenye namba za msimamo wenyewe, safu inayowapa wageni taabu ni ile ya asilimia. Timu zikilingana pointi, AFL haitazami tofauti ya alama za kufunga na kufungwa kama soka inavyotazama tofauti ya mabao. Huchukua alama zote ambazo timu imefunga msimu mzima, ikazigawanya kwa alama zote ilizofungwa, kisha ikazidisha kwa 100. Timu iliyofunga 2,000 na kufungwa 1,600 ina asilimia 125. Ionekanavyo ni njia nyingine tu ya kusema jambo lile lile, lakini sivyo. Chukua timu mbili zenye tofauti sawa ya alama 200: moja imefunga 2,000 na kufungwa 1,800, nyingine imefunga 1,600 na kufungwa 1,400. Kwa hesabu ya soka zimelingana. Kwa hesabu ya AFL ya kwanza ina 111.1 na ya pili 114.3. Mfumo huu unamlipa anayebana. Mimi naupenda kwa sababu hiyo, maana mchezo huu kwa asili yake humpigia makofi mfungaji, na ni vizuri kuwe na mahali ambapo kazi ya beki kama Aliir Aliir wa Port Adelaide, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya na kuchaguliwa katika kikosi bora cha msimu wa 2021, inaonekana kwenye karatasi.

Msimu wa 2022 ulionyesha asilimia inaweza kufanya nini pande zote mbili za msimamo. Juu, klabu tatu zilimaliza zikiwa na ushindi 16 na vipigo sita kila moja: Melbourne, Sydney na Collingwood. Melbourne walikuwa na asilimia iliyozidi 130, Sydney karibu na 128, Collingwood zaidi kidogo ya 104. Pointi zilisema hawa ni sawa. Asilimia ilisema Collingwood walikuwa wakishinda kwa tundu la sindano wiki baada ya wiki, na wachambuzi wengi wakatabiri kwamba bahati itawaishia. Walimaliza wa nne, wakaishia kwenye hatua ya timu nne za mwisho, na mwaka uliofuata wakawa mabingwa kwa kuwafunga Brisbane alama 90 kwa 86. Hapa nakiri kwamba asilimia ina mipaka. Timu inayojua kucheza dakika za lala salama ina kipaji ambacho safu ile haikioni, ingawa ni kipaji kisichodumu miaka mingi.

Chini kidogo, kwenye nafasi ya nane, iliyokuwa ya mwisho kuingia hatua ya fainali, mambo yalikuwa machungu zaidi. Western Bulldogs na Carlton walilingana kwa ushindi 12 na vipigo 10, Bulldogs wakiwa na 108.9 na Carlton 108.3. Carlton walikuwa wamepoteza mechi ya mwisho kwa Collingwood kwa alama moja, 74 kwa 75. Sare tu ingewapa pointi mbili na kuwaingiza kwenye fainali bila asilimia kuulizwa. Miaka mitano kabla, Melbourne walikuwa wamebaki nje kwa namna hiyo hiyo, wakizidiwa na West Coast kwa nusu asilimia. Mashabiki hukumbuka alama ya mwisho iliyokosekana, lakini asilimia hujengwa tangu Machi, na mara nyingi klabu hujiua yenyewe siku ile ya Mei inapokuwa nyuma kwa alama 40 na kukata tamaa, ikaruhusu zikawa 80.

Sasa hatua ya fainali, sehemu ambayo wageni huiona kama bahati nasibu. Kati ya 2000 na 2025 timu nane za juu zilicheza kwa mpango ufuatao. Wiki ya kwanza wa 1 alikutana na wa 4, na wa 2 na wa 3. Washindi wakapumzika wiki moja na kuingia moja kwa moja hatua ya timu nne, na walioshindwa hawakutolewa, bali walipewa nafasi ya pili. Wakati huo huo wa 5 alikutana na wa 8, na wa 6 na wa 7, na huko aliyeshindwa alikwenda nyumbani. Wiki ya pili walioshindwa wa kundi la juu waliwapokea washindi wa kundi la chini, kisha ikaja hatua ya timu nne, kisha fainali kuu. Ukitazama kwa makini utaona kwamba aliyemaliza ndani ya nne bora anahitaji kushinda mechi tatu na anaruhusiwa kuteleza mara moja, mradi iwe mwanzoni, na aliyemaliza chini yake anahitaji kushinda nne bila kuteleza.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Tuseme kila mechi ni ya kurusha shilingi. Timu ya nne bora itakuwa na nafasi ya asilimia 18.75 ya kutwaa kombe, na timu ya nafasi ya tano hadi ya nane itakuwa na asilimia 6.25, yaani theluthi yake. Bado hujaongeza faida ya kucheza nyumbani. Hivyo mfumo haukuidharau kazi ya miezi sita. Uliipima kwa ngazi pana badala ya kuhesabu kila pointi, na kwa ligi ambayo pointi zake zina kosa la ratiba ndani yake, ngazi pana ndiyo busara. Kuwa wa kwanza au wa tatu kunaweza kutokana na nani ulipangiwa mara mbili. Kuwa wa tatu au wa kumi, ni nadra. Wazo la kumpa aliyefanya vizuri nafasi ya pili lina umri mrefu: lilikuwamo katika mpango wa timu nne ulioanza mwaka 1931, na kabla ya hapo aliyeongoza msimamo alikuwa na haki ya kumwita mshindi kwenye mechi ya marudio endapo yeye mwenyewe ameshindwa.

Kwa miaka 16 ya mwanzo hakuna aliyetokea nje ya nne bora akatwaa ubingwa. Halafu mwaka 2016 Western Bulldogs, wa saba kwenye msimamo, walishinda mechi nne mfululizo, wakawafunga Sydney kwa alama 22 kwenye fainali kuu na kumaliza ukame uliodumu tangu 1954. Watu walilia kwa furaha hata wasio mashabiki wao. Lakini ukiondoa hisia, kulikuwa na jambo lililobadilika mwaka huo. Mwishoni mwa 2015 Fremantle na North Melbourne, wakiwa wamekwisha kufuzu, waliwapumzisha wachezaji wengi katika mechi ya mwisho, na ligi, kwa kuchukizwa na mechi zisizo na ushindani, ikaweka wiki ya mapumziko kwa wote kabla ya fainali kuanza. Mapumziko, ambayo awali yalikuwa zawadi ya walioshinda wiki ya kwanza, yakawa ya kila mtu. Timu ya saba iliyojaa majeruhi ikapata siku za kuwaponya, na mshindi wa kundi la juu akajikuta amecheza mechi moja tu ndani ya takriban wiki nne. Greater Western Sydney walifika fainali kuu ya 2019 wakitokea nafasi ya sita, ingawa Richmond waliwachapa kwa alama 89, na Brisbane wa 2024, wa tano, waliokuwa nyuma kwa alama 44 katika mechi yao ya wiki ya pili, walilibeba kombe kwa kuwafunga Sydney 120 kwa 60.

Kuanzia 2026 ligi imeijaza wiki hiyo ya mapumziko kwa mechi za mchujo: wa 7 dhidi ya wa 10, wa 8 dhidi ya wa 9, na washindi wawili huchukua nafasi za saba na nane. Nina maoni mawili yanayovutana. Kuipa fainali timu ya kumi katika ligi ya timu 18 ni ukarimu uliopitiliza. Kulikuwa na zama ambapo nne tu kati ya 12 zilivuka. Kwa upande mwingine, mapumziko yamerudi kuwa kitu cha kuchumwa, kwa kuwa sasa wanaopumzika ni sita wa juu, na kwa hesabu ile ile ya kurusha shilingi timu ya saba imeshuka kutoka 6.25 hadi nusu yake. Anayeogopa kwamba wa kumi ataiba ubingwa anaogopa kitu kigumu sana kutokea. Hofu yangu mimi ni kwa mechi za Julai na Agosti, ambapo klabu ya kumi na moja yenye ushindi tisa itaendelea kuuza tiketi kwa matumaini ambayo hayana msingi.

Dosari ninayoiona katika hatua ya fainali iko mwisho wake kabisa. Fainali kuu huchezwa MCG, Melbourne, haijalishi nani kamaliza juu ya nani, na mkataba umeifunga hapo kwa miongo kadhaa ijayo. Vighairi vya karibuni vililazimishwa na mazingira: 1991 sehemu ya uwanja ilikuwa ikijengwa, na 2020 na 2021 janga la korona liliipeleka Brisbane na Perth. Mwaka 2015 West Coast walimaliza wa pili, juu ya Hawthorn, na wakawafunga Hawthorn hao hao kwa alama 32 mjini Perth wiki ya kwanza ya fainali. Walipokutana tena kwenye fainali kuu, mjini Melbourne, Hawthorn walishinda kwa alama 46. Msimamo ulikuwa umewapa West Coast haki ya kucheza nyumbani kila wiki isipokuwa ile moja iliyobeba kombe. Brisbane wameshinda pale miaka miwili mfululizo na wapinzani wa hoja hii huwatolea mfano, lakini mtu kufaulu licha ya kikwazo hakuthibitishi kwamba kikwazo hakipo.

Lipo pia swali la kwa nini klabu hupanda na kushuka kwa kasi hivi. Collingwood walikuwa wa 17 mwaka 2021 na mabingwa mwaka 2023. Richmond walitwaa ubingwa wa 2017, 2019 na 2020, na mwaka 2024 wakaburuza mkia. Sababu kuu ni mbili. Kuna ukomo wa jumla ya mishahara, unaozuia klabu tajiri kununua kikosi kizima, na kuna uteuzi wa vijana wa kila mwaka uliopo tangu 1986, ambapo aliyemaliza wa mwisho huchagua wa kwanza. Kwa kuwa hakuna kushuka daraja, kuwa wa mwisho si msiba, na wakati fulani kumetiliwa shaka kuwa ni mkakati: mwaka 2013 klabu ya Melbourne ilitozwa faini ya dola 500,000 kwa mambo yaliyohusu msimu wa 2009, ingawa ligi ilisema haikuthibitika kwamba klabu ilikusudia kufungwa.

Usawa huo una milango ya pembeni. Mwana wa mchezaji aliyeichezea klabu mechi 100 au zaidi anaweza kuchukuliwa na klabu ya baba yake, na klabu za kaskazini, za Sydney na Queensland, zina haki ya kipaumbele kwa vijana waliolelewa katika akademia zao. Will Ashcroft na mdogo wake Levi wako Brisbane kwa sababu baba yao, Marcus, alikuwa katika vikosi vya ubingwa vya 2001 hadi 2003. Will alitunukiwa medali ya mchezaji bora wa fainali kuu mwaka 2024, kisha akaitwaa tena mwaka 2025. Klabu hulipa kwa nafasi zake nyingine za uteuzi, hivyo si bure, lakini anayeuliza kwa nini timu iliyo juu imepata kijana wa kiwango kile wakati wanyonge wanasubiri hajakosea kuuliza. Binafsi ningeuacha mlango wa wana, kwa kuwa unaotesha mapenzi ya mashabiki, na ningeubana ule wa akademia sasa kwa kuwa Queensland imekwisha kusimama kwa miguu yake.

Lakini nikipewa kurekebisha jambo moja, ningerudi kwenye ratiba. Liliwahi kujadiliwa pendekezo kwamba kila klabu ikutane na wenzake 17 mara moja, kisha ligi igawanyike makundi matatu ya klabu sita, na kila kundi lichezane lenyewe kwa lenyewe mechi tano, jumla 22. Nusu ya malalamiko niliyoyaeleza ingeyeyuka. Lilikataliwa hasa kwa sababu viwanja, televisheni na wenye tiketi za msimu wanataka kuijua ratiba nzima mapema, na kwa sababu watani wa jadi wasingehakikishiwa mechi ya pili. Mwaka 2028 Tasmania imepangiwa kuingia kama klabu ya 19, na 19 haigawanyiki kwa makundi sawa ya aina yoyote. Kila wiki angalau klabu moja italazimika kukaa kando. Itabidi ipatikane ya 20. Hapo mzunguko mmoja utakuwa wa mechi 19, na makundi manne ya klabu tano yatampa kila mmoja mechi 4 zaidi, jumla 23, idadi ile ile inayochezwa sasa.